Kesi Ilipoanguka: Deni la Aliyeshtakiwa Bure, kutoka Sisibo hadi Eldoret

Tarehe 30 Aprili 2009, Jaji David Maraga alisoma hukumu katika Mahakama Kuu ya Nakuru. Kizimbani walikuwa wanaume wanne walioshtakiwa kwa mauaji ya watu waliokimbilia kanisa la Kenya Assemblies of God huko Kiambaa, kilomita chache tu kutoka mjini Eldoret, siku ya Mwaka Mpya wa 2008. Wengi wa waliojificha mle walikuwa kina mama na watoto. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi, iliandika kwamba watu 17 waliteketea ndani ya kanisa, na wengine 11 wakafa wakiwa njiani kwenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi au baada ya kufikishwa huko.

Jaji aliwaachilia wote wanne. Lawama aliwatwika polisi: uchunguzi ulikuwa wa ovyo, na kwa ushahidi wa namna ile hakuna mahakama ingeweza kumfunga mtu.

Siku ile makundi mawili yalitoka kortini mikono mitupu. Kundi la kwanza ni la wafiwa, ambao hadi leo hawajamwona mtu akihukumiwa kwa moto ule. La pili ni la washtakiwa wenyewe. Mwaka 2008 kosa la mauaji halikuwa na dhamana nchini Kenya, kwa hiyo aliyeshtakiwa alingoja rumande hadi kesi iishe. Jaji akishasema mtu hana hatia, askari jela hufungua pingu na karani huita kesi inayofuata. Kazi iliyopotea, ada ya wakili, ng'ombe waliouzwa ili ada hiyo ilipwe, jina lililochafuka kijijini: hayo yote hutoka naye mlangoni, na sheria humwambia kwamba akitaka kuyadai, afungue kesi nyingine.

Kesi hiyo ya pili ina historia yake, ndefu kuliko wengi wanavyodhani, na mji wa Eldoret umekaa ndani yake tangu ulipokuwa hauna hata jina.

Wazee bado wanauita Sisibo, kwa Kiingereza cha "sixty-four" kilichopita katika ulimi wa wenyeji. Mwaka 1908 msafara wa Makaburu kutoka Afrika Kusini, ukiongozwa na Jansen van Rensburg, ulipanda na magari ya maksai hadi uwanda wa Uasin Gishu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeikata ardhi ile vipande na kuvipa nambari, na posta ilipofunguliwa mwaka 1910 iliwekwa katika shamba nambari 64. Miaka miwili baadaye Gavana Percy Girouard aliupa mji jina la Eldoret. Sheria iliyofuata magari yale ilikuwa imeshawekewa tarehe. Amri ya Kifalme ya mwaka 1897 ilileta Afrika Mashariki sheria ya desturi ya Uingereza kama ilivyokuwa siku ya 12 Agosti 1897, na tarehe hiyohiyo imo mpaka leo katika kifungu cha 3 cha Sheria ya Mahakama ya Kenya. Wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Moi, katika kampasi ya Annex, huikariri kabla ya mtihani wa kwanza.

Ndani ya mzigo huo wa 1897 mlikuwa na dai ambalo Waingereza walikuwa nalo kwa karne kadhaa: mtu aliyeburutwa mahakamani kwa nia mbaya, kisha akashinda, anaweza kumgeukia aliyemshtaki na kumdai fidia. Kwenye karatasi, haki hiyo ilikuwa ya kila mtu. Katika Uasin Gishu ya walowezi, haikumfikia Mwafrika.

Sababu ni jinsi sheria za jinai zilivyopangwa. Chini ya Sheria ya Mabwana na Watumishi, kuondoka shambani kabla ya mkataba kwisha kulikuwa kosa la jinai, si ugomvi wa kazi. Kisha kikaja kipande, kilichoanza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia: kila mwanamume Mwafrika alitakiwa kutembea na cheti chake ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni, na mwajiri aliandika humo tarehe ya kuanza na ya kuacha kazi. Mwajiri asipoandika tarehe ya kuacha, mfanyakazi alihesabiwa kuwa mtoro popote alipokamatwa. Makosa ni ya aliyeshika kalamu, lakini anayesimama kizimbani ni aliyevaa kikebe. Na angemdai nani? Mwajiri angesema alisahau, polisi angesema alisoma kilichoandikwa.

Wizi wa mifugo ulikuwa na ukali wake. Sheria ya mwaka 1913 iliagiza faini ya mara kumi ya thamani ya mnyama aliyeibwa, na mshtakiwa aliposhindwa kulipa, ukoo wake ungeweza kudaiwa. Nyuma yake ilisimama Sheria ya Adhabu ya Pamoja ya mwaka 1909, iliyomwezesha afisa kutoza kijiji kizima au kabila zima pale ambapo mhalifu hakupatikana. Kwa wafugaji wa Kinandi na Kikalenjin kwa jumla, waliopakana na mashamba ya Uasin Gishu, hii ilikuwa sheria ya kila siku. Ng'ombe wa mlowezi akipotea, ng'ombe wa watu wasiojua lolote walichukuliwa. Hapakuwa na mshtakiwa wala hukumu, kwa hiyo hapakuwa na kesi ambayo mtu angeweza kusema ameishinda.

Aliyeonja mwisho wa mantiki hiyo ni Barserion arap Manyei, Orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho, wa Wanandi. Mwaka 1923, wakati Wanandi wakijiandaa kwa sherehe ya saget ab eito ya kukabidhiana rika, serikali ilidai kwamba sherehe ile ilikuwa kifuniko cha uasi. Ilimkamata, ikaipiga marufuku sherehe, na ikamweka kizuizini na uhamishoni kwa takriban miaka 40. Hakuwahi kufunguliwa kesi ambayo angeweza kushinda, na bila ushindi sheria ya Uingereza haikuwa na cha kumpa.

Wapo waliouona ubovu wa mambo hata wakati ule. Mwaka 1933 London ilituma tume chini ya H. Grattan Bushe kuchunguza haki ya jinai katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Moja ya mambo yaliyoikera ni kuona afisa wa wilaya akiwa ndiye mtawala, ndiye mkuu wa waliopeleleza, na ndiye hakimu anayesikiliza. Mapendekezo yake yalipingwa vikali na maafisa wa utawala.

Kulikuwa na ukuta mwingine. Kwa kanuni ya Kiingereza, Mfalme hakosei, na kwa hiyo serikali yake haishtakiwi kwa madhara yanayofanywa na watumishi wake. Aliyeonewa na askari alipaswa kumdai askari mwenyewe, mtu ambaye mshahara wake haungelipa hata nauli ya mashahidi. Uingereza iliuondoa ukuta huo kwake mwaka 1947. Kenya ilipata Sheria ya Mashauri ya Serikali mwaka 1956, katikati ya Hali ya Hatari, wakati maelfu ya watu walikuwa kambini bila kesi. Tangu hapo anayedai fidia kwa kosa la polisi humshtaki Mwanasheria Mkuu kwa niaba ya serikali, na sheria hiyo bado inatumika, pamoja na kifungu kimoja chake ambacho tutakikuta mwishoni mwa safari.

Baada ya uhuru majaji walikaa chini kulitengeneza dai hili kwa lugha ya Afrika Mashariki. Kesi mbili zinatajwa katika karibu kila hukumu ya aina hii hadi leo. Katika ya Kagane dhidi ya Mwanasheria Mkuu, mwaka 1969, Mahakama Kuu ya Kenya ilichukua kipimo cha jaji Mwingereza wa mwaka 1878: je, aliyeshtaki aliamini kweli kwamba mshtakiwa ana hatia, na je, mambo aliyokuwa nayo mkononi yangemfanya mtu wa kawaida, mwenye busara na tahadhari, aamini hivyo? Ya pili ni ya Mbowa dhidi ya Utawala wa Wilaya ya East Mengo, iliyotoka Uganda na kuamuliwa mwaka 1972 na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki. Humo mna mafiga manne ambayo dai hukalia: kwamba mdaiwa ndiye aliyeanzisha mashtaka, kwamba hakuwa na sababu ya msingi, kwamba alisukumwa na nia mbaya, na kwamba kesi ya jinai iliisha kwa faida ya mdai. Figa moja likikosekana, chungu kinamwagika.

Linalokosekana mara nyingi ni la tatu. Mahakama ya Rufaa iliweka jambo hili wazi katika kesi iliyoihusu Kampuni ya Sukari ya Nzoia, ambayo iko katika ripoti za sheria za mwaka 1988. Kuachiliwa peke yake, majaji walisema, hakutoshi. Mdai lazima aonyeshe chuki au nia isiyo ya haki kwa upande wa aliyemshtaki. Hukumu hiyo imefunga milango mingi, na ukiisoma taratibu utaona kwa nini majaji waliiona ya busara. Kama kila anayeshinda kesi ya jinai atalipwa, mwananchi ataogopa kuripoti wizi na polisi ataogopa kumpeleka mtuhumiwa kortini.

Lakini kuna watu ambao hukumu hiyo inawaacha nje kabisa, na hao ndio wengi. Ni wale walioshtakiwa na polisi mzembe asiye na chuki yoyote nao. Afisa mchunguzi anapewa jina na jirani aliyegombana na mtuhumiwa kwa sababu ya mpaka wa shamba. Hafiki mahali pa tukio. Hamuulizi mshukiwa alikuwa wapi usiku ule, na akiambiwa, hatumi mtu kuthibitisha. Gwaride la utambulisho halifanyiki. Shahidi anaandika taarifa kituoni akisema gizani hakutambua mtu, kisha miaka miwili baadaye anataja majina kortini, na hakuna aliyelinganisha kauli hizo mbili. Kesi inaanguka. Mtu huyu akienda kudai, wakili wa serikali atasimama na kusema: afisa huyu hakumjua mdai, hakuwa na kisa naye, alipokea malalamiko na kufanya kazi yake. Kazi aliifanya vibaya, naam, lakini sheria ya nia mbaya haiulizi ubora wa kazi. Wako majaji waliosema kwamba kukosekana kabisa kwa sababu ya msingi kunaweza kuwa dalili ya nia mbaya. Bado ni dalili tu, na mdai ndiye anayebeba mzigo wa kuithibitisha.

Hapa ndipo dhuluma ya sheria hii ilipo. Polisi anayemchukia mtu na kumbambikizia kesi ni hatari, na sheria ya 1897 ilimfikiria. Haikumfikiria polisi asiyejali. Kwa aliyelala rumande miezi kumi na minane, tofauti ya hao wawili haionekani. Godoro ni lilelile.

Na uzembe wa aina hiyo una rekodi yake katika mahakama za juu. Kwa miongo mingi, katika mahakama za mahakimu kote Kenya, aliyesimama kuendesha mashtaka alikuwa polisi, mwenzake aliyepeleleza, mara nyingi wa kituo kilekile. Sheria ilitaka awe na cheo kisichopungua inspekta msaidizi. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufaa ilifuta kesi nzima baada ya kugundua kwamba iliendeshwa na koplo. Ghafla rufaa zilimiminika kutoka magerezani: wafungwa walianza kusoma mienendo ya kesi zao wakitafuta cheo cha mwendesha mashtaka. Wengine waliachiliwa, wengine wakarudishwa kushtakiwa upya. Kosa lilikuwa la serikali, na waathiriwa wa uhalifu nao walilipa sehemu ya gharama yake.

Miaka mitatu baadaye likaja jambo la saa. Katiba ya zamani ilitaka mtuhumiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku 14 kwa makosa ya adhabu ya kifo. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufaa ilimwachilia mtu aliyehukumiwa kwa wizi wa mabavu, kwa sababu polisi walimshika kwa miezi minane kabla ya kumpeleka mbele ya hakimu na hawakuweza kueleza kwa nini. Kwa muda hukumu hiyo ilikuwa ufunguo wa magereza. Mwaka 2010 mahakama hiyohiyo ikageuza mkondo katika kesi ya Julius Kamau Mbugua: kuchelewa kufikishwa kortini, ilisema, hakufuti kosa, aliyewekwa kituoni kupita kiasi adai fidia katika kesi ya madai.

Maneno hayo ya mwisho yanasikika ya haki. Uchungu wake unajulikana na yule aliyeambiwa adai, akaenda kwa wakili, na wakili akafungua kalenda.

Sheria ya Ukomo wa Muda kwa Mamlaka za Umma, Sura ya 39, inampa anayeidai serikali kwa madhara ya namna hii miezi 12. Ukidai jirani yako kwa madhara kama hayo, una miaka mitatu. Na saa ya madai mawili yanayofanana haianzi pamoja. Kwa mashtaka ya nia mbaya, saa huanza kugonga siku ya kuachiliwa. Kwa kukamatwa na kufungiwa kinyume cha sheria, huanza siku ile ya kukamatwa. Tuseme mtu alikamatwa sokoni Eldoret mnamo Januari 2016, akashtakiwa, kesi ikaahirishwa na kuahirishwa, akaachiliwa Machi 2019. Dai lake la kukamatwa lilikufa Januari 2017, wakati bado yuko kizimbani akipigania uhuru wake na akili yake yote iko huko. Limebaki dai la nia mbaya, lile lenye figa gumu, na mwisho wake ni Machi 2020. Ndani ya muda huo anahitaji mwenendo wa kesi uliochapwa na kuthibitishwa na mahakama, na anahitaji risiti za ada aliyomlipa wakili wa jinai, kwa sababu hasara ya aina hiyo isipotajwa na kuthibitishwa shilingi kwa shilingi hailipwi. Wangapi huweka risiti wanapouza ng'ombe usiku ili kumtoa mtoto wao?

Ni vigumu kutofikiria London. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Uingereza ilikataa hoja ya serikali yake kwamba wazee wa Mau Mau wamechelewa, ingawa mateso yao yalikuwa ya miaka ya 1950. Mwaka uliofuata Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Ushindi huo haukufika mbali: kundi la pili, la watu zaidi ya 40,000, lilishindwa mwaka 2018, na muda uliopita ulikuwa miongoni mwa vilivyoliangusha. Hata hivyo, jaji wa Uingereza alikuwa na nafasi ya kupima kama haki bado inaweza kutendeka baada ya nusu karne. Sheria yetu kuhusu serikali yetu wenyewe inahesabu miezi 12 na kufunga daftari.

Njia ya kuukwepa ukuta huo wa miezi 12 ilichongwa na watu walioteswa, si na walioshtakiwa kimakosa. Mwezi Julai 2010 Jaji Hannah Okwengu aliwapa fidia watu 21 walioteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House enzi za msako wa Mwakenya, harakati ya siri dhidi ya serikali, zaidi ya miaka ishirini baadaye. Dai lao halikuwa la sheria ya Kiingereza ya madhara. Walisimama juu ya Katiba, na haki za kimsingi hazikuwekewa miezi 12. Mwezi uliofuata, tarehe 27 Agosti 2010, Katiba mpya ilitangazwa, na njia hiyo ikawa barabara. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani haki yake ikivunjwa; cha 23 kinataja fidia kwa jina; cha 49 kinarudia saa 24 bila ubaguzi wa kosa; cha 157 kinaondoa mashtaka mikononi mwa polisi na kuyaweka kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, kikimtaka azuie matumizi mabaya ya mahakama. Mwaka 2012 Jaji David Majanja alibomoa kizuizi kingine, sharti la kumpa Mwanasheria Mkuu notisi ya siku 30 kabla ya kufungua kesi, akisema linamzuia mwananchi kuifikia haki.

Kwa anayeishi Eldoret leo, mabadiliko haya yanashikika. Ombi la kikatiba linaweza kuwasilishwa Mahakama Kuu ya mjini. Dai la kawaida linaweza kusikilizwa na hakimu mkuu, ambaye tangu sheria ya mwaka 2015 ana uwezo wa kushughulikia madai hadi shilingi milioni 20. Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ina ofisi mjini humo. Muhimu zaidi, mbele ya Katiba swali linabadilika. Mahakama haimuulizi tena afisa kama alimchukia mdai. Inauliza kama haki ya mdai ilivunjwa.

Wapo majaji, hata hivyo, wanaowarudisha walalamishi njia ya zamani, wakisema dai lenye jina lake katika sheria ya kawaida lisivishwe joho la Katiba ili kuukwepa ukomo wa muda. Mvutano huo haujaisha.

Na kudai kwenyewe kunaweza kuua. Mwaka 2015 Josephat Mwenda, mwendesha bodaboda, alipigwa risasi na polisi wakati wa kusimamishwa barabarani, kisha akafunguliwa mashtaka ambayo alisema ni ya kumnyamazisha. Alilalamika IPOA. Tarehe 23 Juni 2016 alihudhuria kesi yake katika mahakama ya Mavoko, nje kidogo ya Nairobi, akiwa na wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi Joseph Muiruri. Hawakufika nyumbani. Miili yao ilipatikana mtoni Ol Donyo Sabuk. Mawakili kote nchini walisusia mahakama. Mwezi Julai 2022 Jaji Jessie Lesiit aliwatia hatiani polisi watatu na raia mmoja aliyekuwa mtoa habari wao. Mwezi Februari 2023 afisa mmoja alihukumiwa kifo, na wengine vifungo vya kati ya miaka 20 na 30. Kila wakili anayepokea faili dhidi ya kituo cha polisi, awe Mavoko au Eldoret, anaijua tarehe ile ya Juni.

Sasa tuseme mdai ameshinda: mafiga yote manne yamesimama, au Katiba imemsikia, na jaji ametaja kiasi. Hapo ndipo kile kifungu cha mwaka 1956 kinapomngojea. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Mashauri ya Serikali kinakataza kuishikia serikali mali. Anayemdai mtu binafsi hutuma dalali akachukua gari au viti. Anayeidai serikali huomba hati maalumu ya mahakama inayoonyesha kiasi cha deni, huipeleka Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka Eldoret, kisha hungoja. Asipolipwa, hurudi mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha Katibu wa Wizara kulipa. Katibu akipuuza, mdai hurudi tena kuomba aitwe kwa kudharau mahakama. Akibadilishwa wizara, jina kwenye karatasi linabadilishwa na safari inaanza tena.

Jambo hili liliwapata walioonewa katika machafuko yaleyale yaliyoichoma Kiambaa. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 na kusema kwamba 405 kati yake vilitokana na risasi. Baadhi ya waliopigwa risasi na polisi walikwenda mahakamani na kushinda. Mwezi Desemba 2011 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu haki baada ya ghasia zile na kukuta watu wenye hukumu za fidia mkononi ambao serikali ilikuwa haijawalipa.

Wanne wa Nakuru waliachiliwa katika Kenya ya Katiba ya zamani. Kwa hesabu ya miezi 12, yeyote kati yao aliyetaka kuidai serikali kwa mashtaka ya nia mbaya alikuwa na hadi mwisho wa Aprili 2010. Katiba mpya ilitangazwa miezi minne baada ya muda huo kwisha. Kwa wafiwa wa Kiambaa hesabu ni nyingine. Kosa la mauaji halina ukomo wa muda katika sheria ya Kenya. Jalada la kanisa lile linaweza kufunguliwa siku yoyote ambayo afisa mmoja ataamua kulichukua kutoka kabatini na kuanza kuuliza maswali ambayo hayakuulizwa mwaka 2008.